Unauguza mzazi nyumbani? Hivi ndo utajitunza na wewe, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. "Mgongo unaniua, ninywe dawa gani?" "Tuko watoto sita ila mzigo wote wangu, nifanyeje?" "Nikitoka hata kwenda kusuka roho inanisuta, ni kawaida?" Nimeona niyajibu yote sehemu moja, ili akiuliza mwingine apewe hii asome taratibu.

Mfano ntakaotumia ni wa kuuguza mzazi aliyepata kiharusi na kupooza upande mmoja, kwa sababu hicho ndo kinachowakuta wengi hawajajiandaa kabisa. Jumatatu mama kaamka anakaanga vitumbua vyake, Jumanne yuko wodini, siku chache baadae mnaruhusiwa na mfuko wa dawa na maelezo ya haraka haraka mlangoni, mkifika nyumbani kila mtu anakuangalia wewe. Kama unauguza mwenye saratani, au aliyekatwa mguu kwa kisukari, au mzee anayesahau mpaka majina ya watoto, mengi ya hapa yatakufaa pia.

Tuelewane kitu kimoja mapema. Watu wakikwambia "na wewe ujipumzishe" wanaongea kama vile mapumziko yanauzwa dukani. Anayeuguza hana pa kuyatoa. Ninachojua kinafanya kazi ni kujiandika wewe kwenye karatasi ile ile ya dawa na uji wa mgonjwa, kwa saa na jina, ili kula kwako na kulala kwako viwe kazi kama kazi nyingine za humo ndani. Kisichoandikwa kinaliwa na kilichoandikwa, utaona.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Daftari kubwa, lile la kaunta, na kalamu iliyofungwa kamba (usicheke, kalamu ya mgonjwa kila mgeni anaondoka nayo)
- Kanga au shuka 2 ngumu ambazo hamzivai tena
- Matofali ya kuinulia kitanda, kama kitanda ni kifupi
- Boksi la glovu, sabuni ya maji, aproni au hata gauni kuukuu la kazi
- Kipimo cha presha, kile cha kufunga juu ya kiwiko. Kitapima mgonjwa na kitakupima na wewe
- Namba za simu za ndugu wote, hata wale mnaoonana misibani tu
- Mtu mmoja wako. Simaanishi wa kumsaidia mgonjwa, namaanisha wa kukuuliza wewe umekula nini leo. Shoga, jirani, mwenzio wa kwaya, yeyote

HATUA YA 1: Andika siku yako kama ilivyo

Kwa siku tatu usibadilishe chochote, andika tu. Kila unachofanya na saa yake. Itakuwa hivi:

Saa 11 alfajiri: kumgeuza, kubadili pampasi
Saa 12: maji ya moto, kumfuta mwili, kumsugua meno
Saa 1: uji, dawa za presha
Saa 2: kufua mashuka
Saa 3: kumgeuza, mazoezi ya mkono na mguu
Saa 4: sokoni, kupika
Saa 7: kumlisha (dakika 40!)

Na kuendelea hivo mpaka usiku. Siku ya nne kaa chini na daftari, tafuta mstari wenye jina lako. Wengi hawaupati hata mmoja. Wanakula wamesimama jikoni, sufuria mkononi, au wanamalizia uji uliobaki kwenye kikombe cha mgonjwa af wanahesabu kwamba wamekunywa chai.

Sasa andika mistari yako mitano ya kuanzia: chai yako, chakula cha mchana umekaa, kuoga kwako, nusu saa ya kujinyoosha mchana, na saa ya kulala. Iwekee saa kabisa. Zile kazi zisizo na haraka (kufua kila siku, kudeki mara mbili) ndo zisogezwe, maana hakuna mgonjwa aliyezidiwa sababu sakafu haikudekiwa.

Kosa la kawaida: kuandika ratiba nzuri mno ya kuamka saa 10 usiku ufanye mazoezi, ibada, usome kitabu. Huwezi. Anza na kula na kulala, mengine yatakuja yakitaka.

HATUA YA 2: Okoa mgongo kabla haujaanza kuuma

Hapa ntakaa kidogo, maana hii ndo inayowaondoa watu kazini. Unaweza ukawa na moyo wa chuma lakini kiuno kikigoma umekwisha na mgonjwa wako kakwama.

Kwanza godoro la chini litoke. Najua watu wanamlaza mgonjwa chini ili asianguke, ila kwa anayeinama mara ishirini kwa siku hiyo ni hukumu. Kitanda kiwe na kimo cha karibu na nyonga yako ukisimama. Kikiwa kifupi weka matofali mazima chini ya kila mguu, yakae sawa, ukitikise kwanza kabla hajalala mtu. Lakini kama mgonjwa wako ameanza kushuka mwenyewe usikipandishe, ataanguka. Hapo bora wewe ufanye kazi ukiwa umepiga goti moja kwenye mto au umekaa kwenye stuli.

Pili, usimbebe. Mteleze. Ile kanga ikunje mara mbili, itandike chini yake kuanzia mabegani mpaka chini ya makalio, na ibaki hapo hapo muda wote (ibadilishwe ikilowa, na isiwe na mikunjo maana mikunjo inaleta vidonda). Mkitaka kumsogeza juu muwe wawili, kila mtu upande wake, mnakunja ncha ya kanga mpaka ngumi zenu ziwe karibu na mwili wa mgonjwa, magoti yamekunjwa, mguu mmoja mbele, mnahesabu moja mbili tatu mnavuta kwa pamoja. Kama mguu wake mzima una nguvu mwambie aukunje asukume na kisigino. Utashangaa mzee wa kilo 80 anavyoteleza.

Kumgeuza ukiwa peke yako: simama upande anaoelekea. Goti lake la mbali likunje, mkono wa mbali uulaze kifuani, af shika bega kwa mkono mmoja na nyonga kwa mwingine, umlete kwako huku wewe ukirudi nyuma kwa uzito wa mwili wako. Mgongo wako umenyooka, kazi inafanywa na mapaja.

Kumtoa kitandani kwenda kwenye kiti: kiti kiwe upande wake MZIMA, kimebana ukutani au breki zimefungwa kama ni cha magurudumu. Akae pembeni ya kitanda kwanza kizunguzungu kiishe. Miguu chini, magoti yako yanazuia goti lake bovu lisikunjike, unamshika kwenye mkanda au kanga uliyomfunga kiunoni.

Makosa ninayoyaona kila nyumba:
- Mgonjwa kukukumbatia shingoni wakati unamnyanyua. Hapana. Akilegea mnaanguka wote na shingo yako ndo kamba. Mikono yake ikae kwenye mabega au viwiko vyako, au asukume kitanda.
- Kumvuta mkono uliopooza au kumshika kwapani. Bega la upande ule misuli yake haina nguvu ya kulishikilia, linachomoka kirahisi, na maumivu yake utayauguza miezi.
- Kumlisha umesimama umeinama. Kaa, uso wako uwe usawa wa uso wake. Mgongo wako unapona na yeye hainui kidevu, chakula hakimpalii.

Na wodini kabla hamjaruhusiwa, mtafute mtu wa mazoezi ya viungo, umwambie "nionyeshe na mimi nifanye mbele yako". Dakika 15 za hapo zina faida kuliko video zote.

HATUA YA 3: Pigania usingizi

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, kanuni ya kawaida ni kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Ukiifuata peke yako usiku na mchana, wiki ya pili unaanza kuona vitu viwili viwili na kuchanganya dawa. Kwa hiyo:

Mkiwa wawili, gaweni usiku vipande viwili vyenye mpaka. Mmoja mpaka saa 8 usiku, mwingine kuanzia saa 8 mpaka asubuhi. Ambaye siyo zamu yake alale CHUMBA KINGINE na simu imezimwa. Kulala pale pale mkiitana "eti amka kidogo" siyo zamu hiyo, wote mmekesha.

Ukiwa peke yako, muulize nesi au daktari mambo mawili. La kwanza, je godoro la hewa litaruhusu usiku nimgeuze mara chache zaidi? Wakati mwingine jibu ni ndiyo, kutegemea ngozi yake ikoje. Hayo magodoro yanauzwa maduka ya vifaa vya hospitali, na wakati mwingine unapata kwa mtu aliyemaliza kuuguza, ulizia. La pili, je kwenye dawa zake kuna ya kukojoza, na inaweza kunywewa asubuhi badala ya jioni? Dawa nyingi za presha za kundi hilo zikinywewa jioni ndo chanzo cha kubadili pampasi usiku kucha. Usihamishe mwenyewe kimya kimya, uliza kwanza.

Na mchana akilala, lala. Vyombo vitakusubiri, havina miguu.

HATUA YA 4: Kikao cha familia (hii watu wanaikwepa)

Mtu akiniambia ndugu zake "hawanisaidii", nikichimba kidogo nakuta hawajaombwa kitu chenye umbo. Wameambiwa "jamani mama anaumwa, tusaidiane" na wote wakajibu "pole sana, Mungu atatenda" na mikono ya kuomba. Hiyo siyo roho mbaya siku zote, ni kwamba kila mtu anadhani mwingine kashika.

Fanya hivi. Kwanza, kama wewe ni mdogo usiite kikao mwenyewe. Kitinda mimba hawezi kumpangia kaka mkubwa zamu, hata akiwa sahihi itageuka kesi ya heshima. Mwendee baba mdogo, shangazi au mjomba, mtu ambaye akipiga simu inapokelewa, umwonyeshe daftari lako la hatua ya 1, af aite yeye. Daftari linaongea vizuri kuliko machozi, hakuna anayebishana na "saa 9 usiku: kubadili mashuka".

Pili, omba kazi yenye siku na saa. Mfano wa ujumbe:

"Shikamoo kaka. Jumamosi hii naomba uje ukae na mama kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Uji ntauacha kwenye chupa, dawa ya mchana ni kidonge kimoja kipo kwenye kopo la bluu, kumgeuza ntakuonyesha ukifika. Nijibu leo kama unaweza au nimwombe nani."

Ona ile sentensi ya mwisho. Inampa nafasi ya kukataa, ila akikataa anajua kuna jina la mwingine linatajwa badala yake.

Tatu, kila mtu apewe anachoweza. Aliyeko Mwanza hawezi kumgeuza mtu aliyeko Temeke, huyo alipe pampasi kila tarehe fulani. Aliyeko Muscat au Ulaya ndo kabisa, atume hela na siku moja kwa wiki ampigie mama video ndefu, na hiyo nusu saa wewe unaoga kwa utulivu. Mwenye gari ashike kliniki. Kijana asiye na kazi ashike kunyanyua.

Halafu kuna suala la miiko ambalo watu wanaona aibu kulitaja. Mke wa mtoto kumwogesha baba mkwe, kwa familia nyingi haipo, na mzee mwenyewe anaumia zaidi ya ugonjwa. Na mtoto wa kiume kumwogesha mama yake vile vile. Msijifanye halipo. Semeni wazi kwenye kikao nani anaogesha: mjukuu wa kiume, mdogo wake mzee, au kijana anayelipwa aje asubuhi nusu saa tu. Wifi akibaki na kupika na dawa, ameshapunguziwa nusu.

HATUA YA 5: Hela isikumalize

Fungua kurasa za nyuma za lile daftari, andika kila kilichoingia na kilichotoka, piga picha risiti tuma kwenye kundi la familia kila Jumapili. Siyo kwamba unajitetea. Ni kwamba siku shangazi mmoja akisema "tunatuma hela sijui zinaenda wapi" hutahitaji kujibu.

Hela ya mgonjwa ikae sehemu yake, hata kama ni laini ya pili ya simu. Zikichanganyika na za kwako utajikuta mtaji wa genge umekuwa pampasi na hujui lini.

Usichukue mikopo ya kausha damu kwa ajili ya dawa za kila mwezi. Dharura moja naelewa, lakini ugonjwa wa muda mrefu kwenye mkopo wa riba ya wiki, mtauguza wawili. Kabla ya kufika huko gonga milango hii: kwa Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na mzee asiyejiweza anastahili matibabu bure kwenye vituo vya serikali. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa upate barua, na pale hospitali ulizia dirisha la wazee na ofisi ya ustawi wa jamii. Siyo kila dawa utaikuta, ila ukipunguziwa kumwona daktari na vipimo ni kitu. Zanzibar kuna Pensheni Jamii kwa waliofika miaka 70, ilianza 2016, hakikisha mzee wako ameandikishwa. Kenya kuna Inua Jamii kwa wa 70 kwenda juu, shilingi 2,000 kwa mwezi, na bima ya afya ya serikali sasa ni SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) siyo NHIF tena.

Kikoba chako usikiache. Punguza hisa kama mambo magumu, ila usitoke. Ndo sehemu pekee kwenye wiki ambapo unaitwa kwa jina lako na siyo "yule anayemuuguza mama yake".

HATUA YA 6: Mwili wako upimwe

Mzazi kapata kiharusi cha presha, wewe una damu yake na mmekula chumvi ya sufuria moja miaka yote. Pima. Umekaa dakika tano, mkono umeuegesha mezani, hujatoka kubeba ndoo. Ukiona 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti tofauti nenda kituo cha afya, usianze kunywa vidonge vya mgonjwa eti presha ni presha. Hilo kosa lipo sana na ni la hatari.

Glovu kila unapogusa kinyesi, mkojo, damu au kidonda, ukivua unanawa sabuni hata kama zilionekana safi. Kama mgonjwa ana homa ya ini aina ya B, ulizia kupimwa na chanjo, huwa ni sindano tatu. Kama anakohoa wiki mbili au zaidi pimweni kifua kikuu wote mnaolala nyumba hiyo, matibabu yake hospitali za serikali ni bure. Na kama una dawa zako mwenyewe, za kisukari, za presha, ARV, ziandike kwenye ratiba ile ile juu kabisa. Wauguzaji wengi wanamnywesha mgonjwa kwa saa af mwezi unaisha za kwao zimebaki nusu.

HATUA YA 7: Hasira, wageni, na roho inayosuta

Kiharusi kinaweza kubadilisha tabia. Mzee mpole anakuwa mkali, mama anacheka msibani, au analia ghafla ukimletea tu maji, au anakutukana kwa neno ambalo hujawahi kumsikia nalo. Wakati mwingine anataka kusema "maji" mdomo unatoa "kiti". Ni ubongo umeumia, siyo chuki wala siyo mtu kamtupia kitu. Ukilijua hilo bado utakasirika, ila hutambebea kinyongo.

Ukihisi mkono unataka kwenda au sauti inapanda, fanya vitu vitatu kwa mpangilio: mlaze salama ubavu, toka nje ya chumba, nawa uso na maji ya baridi. Pampasi chafu kwa dakika tano haijaua mtu. Kumfinya au kumzaba mzazi kofi kutakuua wewe.

Wageni sasa. Kuona mgonjwa ni jambo jema, ila kuna wale wanafika saa 7 kamili, wanakaa mpaka chai ya saa 10, wanaacha ushauri wa mizizi mitatu na kusema "mbona amekonda hivi, anakula kweli?" Panga muda wa kuona mgonjwa, mathalani saa 10 jioni mpaka 12, ubandike mlangoni au mwambie mwenye sauti nyumbani awatangazie. Na akija mgeni mpe kazi: "Mama fulani, afadhali umekuja, nisaidie kumlisha huu uji nikaoge." Wenye upendo watafurahi kweli kweli. Wengine watafupisha ziara. Faida pande zote.

Na hiyo roho inayosuta ukitoka: itasuta, we toka hivo hivo. Wiki za mwanzo ndo mbaya zaidi.

HATUA YA 8: Saa zako za nje

Mara moja kwa wiki, saa tatu au nne, siku maalum. Kwenda famasi haihesabiki. Kwenda kuchukua majibu ya maabara haihesabiki. Iwe kwaya, darsa, mpira, kusuka, kukaa tu kwa shoga yako mnasengenya. Simu iwe wazi kwa kupigiwa tu, jumbe za "sukari ipo wapi" usijibu, ulishaandika kila kitu ukurasa wa kwanza wa daftari: dawa na saa zake, anakula nini, anageuzwaje, namba ya daktari, bajaji gani inaitwa kukiwa na dharura.

IKIKWAMA

Mgonjwa anakataa kuguswa na mwingine. Kawaida sana, hasa mama na binti yake. Usiondoke siku ya kwanza. Mfanye kazi wawili siku kadhaa, yule mpya ashike kitu kidogo kwanza, kuchana nywele, kupaka mafuta miguuni, af uji, mwisho pampasi. Siku ukitoka muage, usitoroke. Ukitoroka atakulinda kama askari.

Ndugu bado hatoi kitu. Umeomba vizuri, kwa siku na saa, na mkubwa kaongea. Basi mwache, panga na waliopo. Nguvu ya kumchukia inatoka kwenye nguvu ile ile ya kumgeuzia mama.

Dada wa kazi kaondoka. Mara nyingi aliajiriwa kupika na kufua, ghafla anabadili pampasi za mtu mzima kwa mshahara ule ule. Anayekuja mwambie kazi kabla hajaja, muongeze hela kwa kazi ya mgonjwa, mfundishe hatua ya 2, na yeye awe na siku yake ya kutoka.

Mgongo umeshaanza kuuma. Kama ni uchovu wa misuli, acha kunyanyua siku kadhaa (hapo ndo yule kijana anahitajika), tembea tembea, usilale tu. Maumivu yakishuka mguuni na ganzi, nenda upimwe. Mkojo ukigoma au ukatoka wenyewe, au ganzi imeshika sehemu za siri, hospitali siku hiyo hiyo.

Nafasi ya kulala ipo ila usingizi hauji, chakula hakipiti, hakuna kinachokufurahisha, na imefika wiki mbili. Hiyo inaweza kuwa sonona, inatibika, nenda kituo cha afya uwaambie hivo hivo bila kupamba. Ukianza kuwaza kujidhuru au kumdhuru mgonjwa, usibaki naye peke yako hata usiku mmoja. Piga simu kwa yule mtu wako wa kwenye orodha ya mwanzo, aje akae, wewe ufike hospitali.

Umeumwa wewe. Mafua makali, malaria, tumbo. Huyu mtu wa kukushikia lazima awe ameshapangwa kabla, jina lake liandikwe kwenye jalada la daftari pamoja na wa pili endapo wa kwanza hapatikani. Kama ni la kuambukiza na hakuna mtu kabisa, vaa barakoa, nawa mikono kila ukimgusa, fungua madirisha, na fanya manne tu: dawa, maji, chakula, kumgeuza. Kufua na kudeki kusubiri mpaka upone.